Sikio na Msamiati: Milio ya Kila Siku katika Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya hukutana na milio mapema mno. Angali katika shule ya msingi, hupewa orodha ndefu: mchakacho wa majani, mwaliko wa mjeledi, mvumo wa nyuki, mtutumo wa radi ya mbali, kishindo cha nyayo. Huikariri, hujibu swali la mtihani, kisha huisahau. Si ajabu kumpata msomi wa mwaka wa tatu chuoni ambaye ameliandika neno "mchakacho" mara ishirini bila kuusikiliza mchakacho wenyewe hata mara moja, ilhali hukanyaga majani makavu kila aendapo mhadharani. Orodha hiyo haikutungwa kwa ajili ya mtihani. Ni ushahidi kwamba waliotangulia kuisema lugha hii walikuwa na masikio makini, wakatenga sauti moja na nyingine hata pale tofauti ilipokuwa ndogo.

Hebu tutazame kitendo cha kuanguka. Katika Kiswahili, kitu kikianguka majini huanguka chubwi, matopeni, tapwi, mchangani, tifu, na mzigo mzito ukibwagwa sakafuni, pu. Wapo wanaozichukulia tanakali hizi kuwa chumvi tu ya masimulizi. La hasha. Jiwe lizamapo majini huacha shimo la hewa nyuma yake. Maji hulifunga shimo hilo, na hewa iliyonaswa hutetemeka. Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza walitumia kamera ya kasi kubwa na maikrofoni kuchunguza tone la maji linalodondoka. Walionyesha kuwa sauti ile inayomkosesha mtu usingizi bomba linapovuja haitokani na tone kuugonga uso wa maji, bali na kiputo kidogo cha hewa kinachonaswa chini yake na kutetemeka. Anayetamka "chubwi" polepole huenda akazisikia hatua mbili: "chu" ya maji kupasuliwa, kisha "bwi" ya hewa iliyofungiwa. Hilo ni dai la sikio wala si la maabara, lakini si dai la kupuuzwa. Mchanga, kwa upande wake, huimeza nguvu ya pigo miongoni mwa chembe zake, ndiyo maana "tifu" ni fupi na haina mwangwi. Si bure kwamba udongo laini usioshikamana huitwa tifutifu.

Jikoni nako kuna somo. Mpishi mzoefu hana haja ya kufunua kifuniko ili ajue maji yamefika wapi. Yakiwekwa motoni hukaa kimya kwanza. Baadaye huanza kuvuma, na mvumo ukazidi hadi kuwa mtutumo. Halafu, muda mfupi kabla ya kuchemka kabisa, sauti hupungua, na hapo ndipo maji hutokota. Kwa nini kelele itulie wakati moto haujapunguzwa? Viputo vya mvuke huundwa kwenye kitako cha sufuria, hupanda, na vikikutana na maji ya juu ambayo hayajapata joto la kutosha husinyaa ghafla. Kusinyaa huko ndiko kunakoleta kelele. Maji yote yakishapata moto, viputo hufika juu salama na kupasukia hewani, nayo sauti ikalainika. Bibi anayemwambia mjukuu wake asitie unga kwa kuwa maji "yanatutuma tu" ameyaeleza hayo yote kwa kitenzi kimoja.

Kwa wengine, kusikiliza ni suala la chakula. Kaskazini mwa Kenya, Waborana hupiga mbinja kumwita ndege aongozaye watu kwenye asali, naye hulia kwa namna maalumu akiruka mti hadi mti kuelekea mzingani. Mwaka wa 1989, mtafiti Mkenya Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha matokeo yao katika jarida la Science: katika maeneo wasiyoyajua, warina asali walichukua wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa naye. Warina hao walieleza kuwa mlio wa ndege na mwendo wake huwajulisha upande na umbali wa mzinga.

Mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer (1933–2021), aliyapa mambo haya nadharia katika kitabu chake cha mwaka wa 1977, The Tuning of the World. Kwa maoni yake, kila mahali pana mandhari yake ya sauti. Zipo sauti za msingi, ambazo wenyeji wamezizoea hata hawazisikii. Zipo za ishara, zinazodai kusikilizwa. Na zipo zinazoutambulisha mji. Lamu yaingia vyema katika mpango huo: bahari na kwato za punda vichochoroni ni za msingi, adhana ni ishara, na siwa, mabaragumu ya pembe na ya shaba yaliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo, yalikuwa utambulisho wa sherehe za wakuu.

Nairobi ni mtihani mgumu zaidi. Kondakta hugonga bodi ya matatu, na dereva akajua asimame au aondoke. Hiyo ni lugha kamili, ila huzamishwa na muziki wa gari lilo hilo. Kanuni za kudhibiti kelele zilitangazwa nchini mwaka wa 2009, na Shirika la Afya Duniani hushauri kuwa mtu asikilize sauti ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Hasara ya kelele, hata hivyo, haiishii kwenye afya ya masikio. Kelele hufunika, na kisichosikika hakipati jina.

Zoezi lililo rahisi kwa mwanafunzi ni kuketi dakika kumi mahali pamoja, macho yamefumbwa, kisha kuandika kila sauti aliyoisikia kwa neno la Kiswahili. Mwanzoni orodha ya shule itamtosha: mvumo wa upepo, mkwaruzo wa kiti, kwikwi ya aliye jirani. Baadaye atakwama. Simu iliyolazwa juu ya dawati la mbao, mlio wake umezimwa, inapopokea ujumbe katikati ya mhadhara, ukumbi mzima huisikia. Wengi husema "imetetemeka". Lakini kutetemeka ni mwendo. Ule mlio wa mbao wenyewe, mkavu na wa kukatikakatika, ungali unasubiri tanakali yake.