Fildi ya kilimo nje ya nchi: 'Shamba la wanachama' ni nini, na kijana wa Turiani atatoka na nini?

Matangazo ya aina hii hayakosi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa kilimo: nafasi za mafunzo kwa vitendo nje ya nchi, miezi kadhaa, bustani ya mboga pembeni ya mji, posho ipo. Kwa kijana wa Turiani aliyekulia kati ya mpunga, ndizi na miwa ya Mtibwa, swali linakuja lenyewe: nipande ndege kwenda kujifunza kulima mboga?

Ni swali la haki kabisa. Kulima unakujua. Cha kujifunza huko ni namna ya kuuza.

Iko hivi

Kuna mashamba ambayo wateja wanalipa kabla mbegu haijaingia ardhini. Chukulia bustani inahitaji Sh12 milioni kuendesha msimu wa wiki 20: mbegu, mbolea, maji, mishahara. Zikijiunga familia 60, kila moja inatoa Sh200,000. Kila wiki familia inachukua kapu lake la mboga, sawa na Sh10,000. Mavuno yakiwa mazuri, kapu linafurika. Wadudu wakivamia nyanya, hakuna anayerudishiwa hela. Wote wanakula kabichi wiki hiyo, basi.

Mfumo huu ulianza kushika Japani miaka ya 1970, wakati familia nyingi zilipoogopa dawa za viwandani kwenye chakula. Wao wanauita teikei. Mwaka 1978 ukaanza Geneva, Uswisi, na mwaka 1986 mashamba mawili ya Marekani, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yakaanza kuuza mavuno kwa hisa. Ujerumani nako yapo mengi. Baadhi yao wana utaratibu ninaoupenda sana: bajeti ya shamba inasomwa mbele ya wanachama, kila mmoja anaandika kwa siri anachoweza kutoa, kisha inajumlishwa. Ikipelea, wanarudia. Mwenye kipato kidogo anatoa kidogo, na hakuna anayemnyooshea kidole.

Mbona kwetu watu wanalipwa kabla pia?

Ndiyo, lakini hapa ndipo pa kutazama vizuri. Mkulima wa mpunga amebanwa na ada au bili ya hospitali mwezi wa pili. Anachukua hela kwa mfanyabiashara, anaahidi magunia wakati wa mavuno, kwa bei ya chini ya ile ya sokoni siku hiyo. Mvua ikigoma, deni halipungui hata debe moja. Na siku ya kupima, gunia linajazwa lumbesa.

Kwenye mifumo yote miwili hela inakuja mapema. Tofauti ni nani anabeba hasara. Kwenye shamba la wanachama, mlaji anaibeba pamoja na mkulima. Kwa hiyo ukienda fildi kwenye shamba la namna hiyo, usikubali kuishia kupalilia na kuosha karoti miezi yote. Omba kuona bajeti, omba kukaa kwenye kikao cha wanachama, uliza wangapi walijitoa mwaka jana na kwa nini. Huko kwenye baridi msimu unaanza majira ya kuchipua, na hesabu zinapigwa kabla ya hapo. Ukifika katikati ya kiangazi utakuta maamuzi yote yamepita.

Kabla hujasaini

Fildi ya nje si utalii. Septemba 2023 vijana wawili Watanzania, Clemence Mtenga, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro, na Joshua Mollel, walikwenda Israel kwenye mafunzo ya kilimo. Wote wawili waliuawa katika shambulio la Oktoba 7. Mwili wa Mollel ulirudishwa na Hamas Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye. Walikwenda kujifunza, kama wanavyokwenda mamia ya wengine.

Kwa hiyo uliza hali ya usalama ya eneo lenyewe, siyo ya nchi kwa jumla. Uliza nani analipa nauli na bima ya afya, saa za kazi ni ngapi, siku ya darasa ipo au ni kazi tupu. Mkataba uwe kwa lugha unayoielewa. Pasipoti (ya kawaida ni Sh150,000) ibaki mikononi mwako. Na wakala anayetaka utume hela kwenye namba ya simu kabla hajakuonyesha jina la shamba, achana naye.

Turiani inawezekana?

Kwa mpunga, sioni. Unavunwa mara moja, unakaa ghalani, hauna haja ya kapu la kila wiki. Mboga, ndizi na matunda ndiyo yanaweza. Wanachama wapo: walimu, wahudumu wa hospitali, wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Kuwaambia watoe Sh200,000 kwa mkupuo ni kuwafukuza. Wakate kwa mwezi. Lami kutoka Magole imefika, kwa hiyo hata wateja wa Morogoro mjini, kama kilomita 100, si ndoto kwa ndizi. Kwa mchicha, labda uondoke alfajiri.

Kigumu ni kuaminiana. Mteja atajuaje hujapiga dawa? Hapo huhitaji viza. Morogoro kuna Sustainable Agriculture Tanzania (SAT), iliyoanzishwa 2011, inayofundisha wakulima wa Uluguru kilimo hai. Wakulima wanaofanya nayo kazi wana utaratibu wa kukaguana wenyewe kwa wenyewe, na bidhaa zao zinauzwa dukani mjini. Ukianzia fildi yako hapo, kwa nauli ya basi, ukienda Ujerumani baadaye utajua cha kuuliza.