Gari Linalojiskrubu Topeni

Halina tairi, halina mnyororo wa kifaru, wala halina rafadha. Chini ya bodi yake yamelazwa mapipa mawili marefu ya chuma au aluminiamu, na kila pipa limezungushiwa ukingo wa hesi kutoka ncha moja hadi nyingine. Mapipa yakizunguka, gari zima linajipenyeza mbele. Wanaotazama filamu zake za zamani hucheka, hasa wanapoliona likihangaika kwenye barabara ngumu. Ni kicheko cha kumwonea samaki aliyetupwa nchi kavu.

Ukweli ni kwamba gari hili ni hodari mahali ambapo mengine yote hukwama. Hesi ikizama topeni hupata pa kujishikiza, kisha kila mzunguko wa pipa husukuma gari mbele. Pipa lenyewe halina kitu ndani, au limejazwa povu gumu, hivyo linaelea. Kifaa kimoja kinakuwa gurudumu, boya na rafadha kwa wakati mmoja.

Ujanja mkubwa umo katika mwelekeo wa hesi. Pipa la kulia limesokotwa upande mmoja, la kushoto upande wa pili, nayo huzunguka kinyume. Kama yangesokotwa sawa na kuzunguka sawa, gari lingekuwa likivutwa ubavuni muda wote. Kwa mpangilio huu, misukumo ya ubavuni inauana na unaobaki ni wa mbele. Lakini dereva akiwa kwenye ardhi ngumu aweza kuyazungusha mapipa yote upande mmoja kwa makusudi, na gari likabingirika kwa ubavu, kushoto au kulia, bila kugeuza pua. Hakuna lori la kawaida linaloweza hilo.

Wazo ni kongwe. Katika miaka ya 1920 Wamarekani walilifunga trekta la Fordson juu ya mapipa ya aina hii ili lipite kwenye theluji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwingereza Geoffrey Pyke aliwashawishi wakubwa wa jeshi kwamba magari ya skrubu yangewasumbua Wajerumani katika theluji ya Norway. Kilichotengenezwa mwishoni kikawa kigari cha minyororo kilichoitwa Weasel.

Kisha Marekani ikatazama mashamba ya mpunga na vinamasi vya Vietnam. Kampuni ya Chrysler ikaliundia jeshi la majini gari la majaribio lililoitwa Marsh Screw Amphibian, na mnamo 1963 likapimwa na wahandisi wa jeshi wa Vicksburg, Mississippi. Mwaka 1969 akaja ndugu yake mkubwa, Riverine Utility Craft, mwenye mapipa ya kipenyo cha karibu mita 1. Majini alipita fundo 15. Kwenye kinamasi alikaribia fundo 25. Yaani matope, adui wa kila dereva, yalimpa mwendo mkubwa kuliko maji! Sababu ni kwamba maji huponyoka nyuma ya hesi, ilhali tope huishikilia na papo hapo hulainisha pipa lipite.

Alipofika ardhi kavu, mwendo ukashuka hadi ule wa mtembea kwa miguu. Hesi haina pa kuuma, chuma kinakwaruzwa, na mchanga mkavu unalisugua pipa urefu wake wote. Jeshi likaachana naye. Askari lazima avuke barabara ndipo afike kinamasini, kwa hiyo uamuzi ulieleweka. Kosa lilikuwa matarajio yenyewe: kwa nini gari moja lilazimishwe kumaliza safari yote?

Jibu zuri lilitoka Urusi, kutokana na shida ya kuwafikia wanaanga waliotua pabaya. Machi 1965 chombo cha Voskhod 2 kiliwashusha wanaanga Belyayev na Leonov katika msitu wa theluji wa Perm, mamia ya kilomita nje ya shabaha, wakalala huko siku mbili. Oktoba 1976 mambo yakawa mabaya zaidi: chombo cha Soyuz 23 kilitumbukia katika Ziwa Tengiz, Kazakhstan, usiku wa baridi kali, na magari ya uokoaji yakashindwa na vinamasi vilivyolizunguka ziwa. Helikopta ndiyo iliyokiburuta chombo asubuhi.

Mhandisi Vitaly Grachev wa kiwanda cha ZIL na wenzake hawakuilazimisha skrubu itembee barabarani. Waliipandisha mgongoni. Lori la ZIL-4906, la magurudumu sita na lenye uwezo wa kuelea, hubeba kigari cha skrubu ZIL-29061 pamoja na kreni. Lori huenda hadi linapokwama, kreni hukishusha kigari, nacho humalizia safari ya kuwafuata wanaanga.

Siku hizi kazi yenye maana kuliko zote haina bunduki wala anga. Mashine za skrubu huzunguka juu ya mabwawa ya mabaki ya migodi, hasa Australia, zikilikanda tope na kulichorea mifereji ili maji yatoke na jua likaushe. Tope lenye maji mengi ndilo hatari: huko Brumadinho, Brazil, liliua watu wapatao 270 mwaka 2019, na Novemba 2022 bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, Tanzania, lilipasuka na kufunika nyumba na mashamba ya watu. Bado wenye migodi wengi huona nafuu kurundika tope bichi na kuinua kuta, kisha kuwaachia wanavijiji wa bondeni wasiwasi.

Matumizi mengine: kuchimba mifereji katika ardhi iliyonyang'anywa bahari Uholanzi, kukausha tope la viwanda vya alumina, kupita kwenye theluji, na mwaka 2002, kuvuka barafu na maji ya Mlango wa Bering.