Umeme kwa wote: Mpango wahitaji watu kabla ya nguzo

KATIKA vijiji vingi nchini, nyaya za umeme hupita juu ya mapaa ya nyumba ambazo usiku huwashwa koroboi. Transfoma imesimama kando ya barabara, nguzo zimepangwa safu moja hadi upeo wa macho, na bado mwanafunzi anadurusu vitabu vyake kwa mwanga wa mafuta ya taa.

Pengo hilo baina ya waya na nyumba ndilo ambalo Kenya, pamoja na mataifa mengine ya Afrika, imeahidi kuliziba kabla ya mwaka 2030 kumalizika.

Mnamo Septemba 2025, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 17 zilizowasilisha mapatano yao ya kitaifa ya kawi mjini New York. Mapatano hayo ni sehemu ya Mission 300, mpango uliotangazwa Aprili 2024 na Benki ya Dunia pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa shabaha ya kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300. Nchi 12 za kwanza, Tanzania ikiwemo, zilikuwa zimetangulia kufanya hivyo jijini Dar es Salaam mnamo Januari 2025.

Katika mpango huo mna kipengele ambacho hakikugonga vichwa vya habari: kila nchi iwe na kitengo maalumu serikalini cha kusimamia na kufuatilia utekelezaji wa mapatano yake.

Kitengo ni watu. Swali la nani ataajiriwa, atalipwa na nani, na atakuwa na mamlaka juu ya nani, ndilo litakaloamua iwapo ahadi ya 2030 itatimia au itaungana na nyingine zilizopitwa na wakati.

Ahadi za awali

Kenya si mgeni wa mipango ya umeme. Mradi wa kusambaza umeme mashambani ulianza mwaka 1973. Mnamo 2013 serikali ilitangaza kwamba ingeongeza megawati 5,000 katika muda wa miezi 40. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye, uwezo wa mitambo yote nchini ulikuwa umepita megawati 3,000 kwa kiasi kidogo tu.

Desemba 2018 ulizinduliwa mkakati mwingine wa kitaifa, uliolenga kumfikia kila Mkenya kufikia 2022. Mwaka huo ulifika na kupita, huku takribani mtu mmoja kati ya kila wanne akiwa bado gizani. Lengo hilo hilo sasa limesogezwa hadi 2030.

Mipango hiyo haikukwama kwa kukosa wasomi wa kuiandika. Kuandika mpango ni kazi moja, kuutekeleza ni kazi nyingine, na kila moja ina mafundi wake.

Mfano ulio wazi ni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit. Mitambo 365 yenye uwezo wa kuzalisha megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017. Hata hivyo, laini ya zaidi ya kilomita 400 ya kuusafirisha umeme huo kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikuwa tayari. Fidia ya ardhi ilikuwa imechelewa, na kampuni ya Uhispania iliyopewa kandarasi ya kwanza ya laini hiyo ikafilisika. Umeme ulianza kuingia katika gridi ya taifa Septemba 2018.

Kwa kuwa mkataba uliitaka nchi ilipie umeme ambao ungezalishwa hata kama hapakuwa na njia ya kuupokea, kuchelewa huko kulizua deni la mabilioni ya pesa. Upepo ulivuma, mapanga yalikuwepo, bali waya haukuwepo.

Kila aliyehusika alikuwa na sehemu yake ya kazi. Kilichohitajika ni jicho moja la kutazama sehemu zote kwa pamoja, na sauti ya kupiga kengele mapema.

Kazi ya kitengo

Hiyo ndiyo kazi ya kitengo cha utekelezaji. Hakijengi mitambo wala hakichimbi mashimo ya nguzo. Hakichukui nafasi ya KenGen inayozalisha umeme, KETRACO inayojenga laini kuu, Kenya Power inayouza, wala shirika la REREC linalosambaza umeme mashambani.

Kwanza, huligawa lengo kuu katika hatua ndogo zenye tarehe na mwenyewe. Kusema "umeme kwa wote" ni kauli mbiu. Kusema laini fulani ipate kibali cha mazingira kufikia mwezi fulani, na afisa fulani ndiye atakayeulizwa, huo ndio mpango.

Pili, hukusanya takwimu kila wiki na kuzilinganisha na tarehe hizo. Tatu, hukwamua. Faili iliyolala mezani kwa miezi mitatu hutafutwa, na sababu ya kulala kwake hupelekwa kwa mkubwa mwenye uwezo wa kuamua.

Mtindo huu wa kazi ulipata umaarufu Uingereza mwaka 2001, wakati Waziri Mkuu Tony Blair alipounda kitengo cha utekelezaji chini ya Michael Barber. Kitengo hicho kilikuwa na watu wapatao 40 tu, ilhali kilifuatilia ahadi za serikali nzima katika elimu, afya, uchukuzi na usalama. Nguvu yake ilitokana na ukaribu wake na Waziri Mkuu.

Nani waajiriwe?

Wengi wakisikia kitengo cha kawi huwafikiria wahandisi wa umeme. Hao ni wa lazima, hasa wale wanaoweza kukokotoa mahitaji ya miaka ijayo na kujua ni wapi waya utoshe na ni wapi kijiji kihudumiwe kwa umeme wa jua. Lakini wakiwa peke yao hawatoshi.

Anahitajika mtaalamu wa fedha anayeweza kuusoma mkataba wa kununua umeme wa miaka 20 na kumweleza waziri, kwa lugha nyepesi, mwananchi atalipa nini endapo shilingi itashuka thamani. Anahitajika mwanasheria wa kuketi naye.

Anahitajika afisa wa ununuzi anayezijua kanuni za serikali na pia kanuni za wafadhili, kwa kuwa zabuni moja hulazimika kutimiza zote mbili. Mradi wa umeme wa jua kwa kaunti 14 zilizosahaulika, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017, ulilazimika kuongezewa muda. Pesa zikiwepo bila watu wa kuziendesha, hubaki benki.

Anahitajika mtu wa ardhi. Huyu ndiye husahaulika zaidi, na bila yeye mengi hukwama. Laini ya umeme hupita katika mashamba ya watu, malisho ya jamii na makaburi ya mababu. Afisa anayejua kuketi na wazee chini ya mti, kueleza kiwango cha fidia na kuhakikisha imelipwa kabla ya tingatinga kufika, huokoa miaka.

Anahitajika mtaalamu wa takwimu na ramani, wa kuonyesha ni nyumba zipi zilizo karibu na transfoma na bado hazijaunganishwa. Vilevile anahitajika mjuzi wa mapishi safi, kwa maana mapatano haya hayahusu taa pekee. Yanagusa pia jikoni, ambako kuni na makaa yanaendelea kuwaumiza akina mama mapafu.

Juu ya wote awepo kiongozi anayeheshimiwa na mashirika yote, na ambaye simu yake hupokelewa.

Funzo kutoka nje

Afrika Kusini inatoa funzo la pande mbili. Nchi hiyo ilipoamua kununua umeme wa upepo na jua kutoka kwa kampuni za kibinafsi, idara yake ya kawi haikuwa na watu wenye tajriba ya zabuni za aina hiyo. Badala ya kungoja utaratibu wa kawaida wa ajira, idara hiyo ilishirikiana na Hazina ya taifa na Benki ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika kuunda afisi ndogo nje ya makao ya wizara.

Kiini cha afisi hiyo kilitoka Hazina, kwa watu waliokwisha kuzoea mikataba baina ya serikali na sekta ya kibinafsi. Wanasheria na washauri wa fedha na ufundi walikodiwa kuwaongezea nguvu. Gharama ilikidhiwa kwa sehemu kubwa na ada iliyotozwa miradi iliyoshinda zabuni, hivyo afisi haikutegemea bajeti ya wizara pekee.

Wito wa kwanza wa zabuni ulitolewa Agosti 2011. Kufikia Desemba mwaka huo, miradi 28 yenye jumla ya megawati 1,416 ilikuwa imechaguliwa. Kufikia awamu ya tatu mwaka 2013, bei ya umeme wa jua ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu.

Upande wa pili wa funzo ulijitokeza baadaye. Shirika la umeme la Eskom, ambalo ndilo lililopaswa kuununua umeme huo, lilikataa kutia saini mikataba mipya. Miradi 27 ilisubiri hadi Aprili 2018. Wataalamu wa afisi ile walikuwa wale wale, wenye ujuzi ule ule, ila hawakuwa na mamlaka ya kumlazimisha mnunuzi. Ujuzi bila idhini ya wakubwa ni upanga ndani ya ala.

Tanzania nayo ilipitia njia yake. Mwaka 2013, chini ya Rais Jakaya Kikwete, ilianzisha mpango wa Matokeo Makubwa Sasa kwa kuiga Malaysia, nishati ikiwa mojawapo ya sekta sita za kwanza. Chombo cha kuusimamia kiliwekwa chini ya ofisi ya Rais. Serikali ilipobadilika, chombo hicho hakikudumu. Kitengo kilichofungamanishwa na kiongozi mmoja huondoka na kiongozi huyo, isipokuwa kiwe kimejengewa msingi wa sheria na bajeti.

Vikwazo vya nyumbani

Kwa Kenya, kikwazo cha kwanza ni mishahara. Mhandisi au mchanganuzi wa fedha anayetafutwa na kitengo hiki hutafutwa pia na mashirika ya umma, kampuni za kibinafsi na mashirika ya kimataifa, ambayo hulipa zaidi ya wizara.

Njia rahisi ni kuwatumia washauri wanaolipwa na wafadhili. Njia hiyo huleta ujuzi upesi, lakini mkataba ukiisha mshauri hufunga mkoba wake na kuondoka na kumbukumbu yote. Wizara hubaki na ripoti nene na dawati tupu. Tiba ni kumwekea kila mshauri afisa wa serikali wa kufanya kazi bega kwa bega naye, na kuandika katika mkataba kwamba kumfunza afisa huyo ni sehemu ya kazi inayolipiwa.

Njia nyingine ni kuazima maafisa kutoka mashirika ya kawi. Hawa huja na ujuzi wa ndani, ila huja pia na utiifu wa nyumbani kwao. Afisa aliyeazimwa huona ugumu kuripoti kwamba mwajiri wake ndiye anayechelewesha mradi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hivyo ni sharti ijulikane mapema nani nahodha.

Kikwazo cha tatu ni kaunti. Sheria ya Kawi ya 2019 inamtaka waziri kutayarisha mpango wa pamoja wa taifa, na kila kaunti kutayarisha wake. Kaunti ni 47, na wanaoweza kuifanya kazi hiyo ni wachache. Kitengo kikijaa Nairobi huku kaunti hazina hata afisa mmoja wa kawi, taarifa kutoka mashinani zitakuwa za kubahatisha.

Kuwalea wataalamu

Hata hivyo, nchi imewahi kuonyesha kwamba inaweza. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini huko Olkaria ulianza kazi mwaka 1981 ukiwa na megawati 15. Wakati huo taaluma hiyo ilikuwa ngeni nchini. Tangu miaka hiyo Wakenya wamekuwa wakipelekwa Iceland kusomea jiolojia, uchimbaji na uendeshaji wa visima vya mvuke katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1979, na wamekuwa miongoni mwa wanafunzi wake wengi zaidi.

Leo mvuke huzalisha takribani asilimia 40 ya umeme unaotumika nchini, na wahandisi wa KenGen wameitwa kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Matunda hayo ni ya mbegu iliyopandwa miongo minne iliyopita: watu walifunzwa, wakarudi, wakapewa kazi ya kufanya, wakafunza wengine.

Kitengo cha 2030 hakina miongo minne. Lakini kinaweza kuanza kwa wachache walio na ujuzi tayari na kuwaweka vijana chini yao tangu siku ya kwanza.

Mwananchi naye hana budi kukipima. Majina ya wanaokiongoza yatangazwe. Nafasi zijazwe kwa ushindani ulio wazi. Takwimu zichapishwe kila robo mwaka, zikionyesha nyumba zilizounganishwa na zilizosalia katika kila kaunti. Wabunge nao waulize, bajeti inaposomwa, ni nafasi ngapi zinalipwa na Hazina Kuu na ni ngapi zitatoweka wafadhili wakiondoka.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Siku taa itakapowaka katika nyumba ile iliyo chini ya nyaya, wengi wataisifu nguzo na transfoma. Walioandika tarehe, wakalipa fidia na kuitafuta faili iliyolala hawatatajwa. Bila wao, nguzo itaendelea kusimama na koroboi itaendelea kufuka moshi.