Kabla ya Kukodi Gari la Safari

Mwaka 2022 mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama alifiwa na mama yake mzazi, mazishi yakawa Morogoro. Tulichanga, tukakodi Koasta hapa Dar es Salaam. Bei tuliyopatana ilikuwa nafuu, tukamshukuru Mungu. Tuliporudi usiku, mwenye gari akatudai saa za kusubiri, posho ya dereva, na kioo cha dirisha kilichopasuka. Baadhi yetu walikiona kioo kile kina ufa tangu asubuhi, lakini ushahidi hatukuwa nao. Tulilipa kwa fedha tulizokuwa tumemwekea mfiwa. Kumweleza mfiwa jambo hilo ilikuwa aibu.

Akina mama wenzetu, misiba, harusi na safari za kwaya haziishi. Basi mkikodi gari, ulizeni kwanza bei hiyo imebeba nini. Dereva yumo? Chakula chake je, na malazi kama mnalala? Siku ni saa 12 au 24, na mkizidisha saa moja mnatozwa kiasi gani? Dereva akipigwa faini ya mwendo kasi, nani analipa? Majibu yaandikwe, pande zote mbili zitie sahihi. Amana nayo ipewe risiti inayosema itarudishwa lini.

Mafuta ndipo wengi tunapoumia. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190, kwenda na kurudi 380. Gari linalokwenda kilomita 5 kwa lita moja litatumia kama lita 76. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, kwa hiyo mama anayepanga matumizi ya nyumbani hashindwi na hesabu hiyo. Someni mshale wa mafuta mnapopokea gari, mlirudishe ukiwa pale pale.

Sisi wauguzi hatupokei zamu kwa maneno matupu. Tunapita kitanda kwa kitanda pamoja na anayetoka. Gari nalo lizungukeni hivyo hivyo, dereva akiwepo. Pigeni picha kwa simu: mikwaruzo, vioo, viti vilivyochanika, tairi la akiba, kilomita zilizosomeka.

Ulizeni pia bima. Gari dogo la mtu binafsi, kama yale ya Noah tunayoazimiana kwa malipo, mara nyingi bima yake haihusu abiria wa kukodi. Hapo si fedha tu. Majeruhi wa ajali tunawapokea wodini, na tunawaona ndugu zao wanavyohangaika kulipa gharama za matibabu.

Safari ya kwaya iliyofuata, dereva alinung'unika tulipokuwa tukipiga picha, eti tunamchelewesha. Jioni mwenye gari akaanza habari ya mlango uliobonyea. Katibu wetu akamwonyesha picha ya asubuhi. Mzee yule akacheka, akaingiza mkono mfukoni, akaturudishia amana yetu yote.