Hao Bazungu Banapigana ao Banacheza?

Mwezi uliopita nilimtumia mpwa wangu aliyeko Butembo video ya sekunde 30 kwa WhatsApp. Jukwaa dogo, taa nyekundu, watu kama sitini wanarukiana vifuani, mmoja amebebwa juu ya vichwa kama jeneza. Jibu lilifika kabla sijavaa koti langu: "Mjomba, hao bazungu banapigana ao banacheza?"

Nikamwandikia kwamba wanacheza. Akarudi tena: "Na wewe na miaka yako unafanya nini pale?"

Swali la kwanza halikunipa kazi. La pili nimeulizwa mara nyingi, hasa na wenzangu tuliotoka Bunande, mashariki ya Kongo, ambao Jumamosi zao hapa Ubelgiji zinajulikana: matanga, mahari, harusi, na mara moja kwa mwaka tamasha la rumba ambalo mtu huendea na suti iliyopigwa pasi. Mzee wa miaka 58 kulipia tikiti ili asimame kwa saa tatu akisikiliza panki, wanaona amerogwa. Basi leo nieleze kelele hii imetoka wapi na ilinipata vipi.

Alimbongo iko juu, zaidi ya mita 2,000, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma kwenda Butembo, kusini ya Lubero. Kuna baridi. Asubuhi ukungu hulala barabarani, na lori unalisikia kabla hujaona taa zake. Utotoni mwetu, miaka ya 1970, lori ndilo lilikuwa duka letu la vyombo vya muziki. Dereva akibadilisha waya wa kanyagio la mafuta, sisi tumeshachuchumaa pembeni tunausubiri ule wa zamani. Tuliufumua uzi mmoja mmoja, tukazikaza nyuzi kwenye ubao uliopigiliwa juu ya kopo la mafuta ya kupikia, na hapo gita limepatikana. Ukigusa uzi mnene, bati lote lilitetemeka na kukoroma, na koromo lile ndilo lilimfanya mama atufukuze nyuma ya jiko. Redioni, La Voix du Zaïre ilitupa magita ya Kinshasa yaliyo laini kama maziwa. Sisi tulikuwa na bati. Tuliliona ni kasoro, tukaomba Mungu siku moja tupate gita la kweli lisilokoroma.

Miaka mingi baadaye, nikiosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Brussels, mpishi kijana alinipa tikiti ambayo rafiki yake ameshindwa kuitumia. Sikuuliza ni muziki gani; ilikuwa ya bure. Nikaingia ukumbini nimevaa viatu vya kanisani. Yule wa gita akapiga uzi wa kwanza, na nikasikia bati letu. Koromo lile lile, ila sasa lilikuwa limelipiwa umeme na watu walikuwa wanalishangilia.

Panki yenyewe haina historia ndefu ya kuchosha. Ramones walianza New York mwaka 1974, Sex Pistols London mwaka 1975, na mwaka 1977 ukawa ndio mwaka wa moto. Wazo lilikuwa kwamba muziki wa roki umenunuliwa na matajiri, nyimbo zimekuwa ndefu kama hotuba za Mobutu, na kijana asiye na pesa wala mwalimu hana pa kuingilia. Gazeti dogo la mashabiki huko Uingereza lilichora akordi tatu za gita na kumwambia msomaji akaunde bendi. Basi. Kule kwetu hilo linaitwa Kifungu cha 15, jitafutieni, na hakuna Mkongomani aliyehitaji kukisoma popote ili akijue.

Wabelgiji nao walikuwa na lao. Wimbo wao uliozunguka dunia, "Ça plane pour moi" wa Plastic Bertrand, ulitoka mwaka 1977 hapa hapa Brussels, na mwaka 2010 mwenyewe alikiri kwamba sauti iliyo kwenye santuri si yake. Sijui kama kuna jambo la kipanki kuliko hilo.

Watu husema ni muziki wa wazungu. Hapo huwa nawatajia Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex, ambaye jina lake halisi lilikuwa Marianne Elliott-Said na baba yake alikuwa Msomali. Albamu ya kwanza ya bendi yake ilitoka 1978: binti mwenye vyuma kwenye meno, saksofoni pembeni, anapiga kelele juu ya maduka makubwa na vitu vya plastiki. Alifariki mwaka 2011, na bintiye akashiriki kutengeneza filamu juu ya maisha yake.

Lakini aliyenifanya nikae moja kwa moja ni mzee wa Kinshasa.

Mingiedi Mawangu alizaliwa mwaka 1930, Mzombo wa upande wa mpaka wa Angola, na kazi yake ilikuwa udereva wa lori. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kwenye tramu. Alipiga likembe, kile kibao chenye vijiti vya chuma ambavyo hupigwa kwa vidole gumba. Likembe ni chombo cha chini ya mti. Sauti yake inatosha watu kumi. Ukiipeleka Kinshasa, penye magari, wauza bia na majirani wenye redio, inakufa pale pale. Mingiedi alitoa sumaku kwenye alternata za magari mabovu, akazizungushia waya wa shaba, akazifunga chini ya vijiti. Chuma kikitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya ule, na umeme huo ukiupeleka kwenye amplifaya unapata sauti. Kanuni ni ile ile ya gita la umeme linalouzwa dukani kwa euro elfu moja. Tofauti ni kwamba sumaku ya gari haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo sauti ilitoka imechanika, imejaa mchanga. Yeye na kundi lake hawakuwa wameitaka hivyo. Waliikuta hivyo, wakaizoea, wakaanza kuichezesha kama chombo kimoja zaidi kundini. Likembe tatu, ya besi, ya kati na ya juu, na spika za tarumbeta kama zile za mikutano ya siasa, na vyuma vya magari vya kugonga. Jina kamili la kundi lina madaha yote ya enzi zile: Orchestre Folklorique T.P. Konono N°1. T.P. ni Tout Puissant, Wenye Nguvu Zote. Walianza miaka ya 1960.

Mwaka 1978 redio ya Ufaransa iliwarekodi. Rekodi hiyo ilimfikia Mbelgiji mmoja, Vincent Kenis, mwanamuziki aliyetoka kwenye bendi za ukaidi za Brussels za miaka ile ile ya panki. Alikwenda Kinshasa kuwatafuta, akawakuta mwaka 2000 wangali wapo, vyombo vile vile. Albamu ya Congotronics ilitoka hapa Brussels kwa kampuni ya Crammed Discs, mwaka 2004.

Kabla ya hapo walikuwa wameshapokelewa Uholanzi na nani? Na The Ex, bendi ya panki iliyoanzishwa mwaka 1979. Mmoja wa wapiga gita wao ana kampuni ndogo ya santuri, Terp, na ndiyo iliyotoa rekodi ya Konono waliyoipiga jukwaani Uholanzi mwaka 2003. The Ex wenyewe wakaugeuza muziki wa Konono kuwa wimbo wa magita kwenye albamu yao ya 2004, Turn. Baadaye walipiga pamoja na mpiga saksofoni wa Ethiopia, Getatchew Mekuria, mzee mwingine. Waliotafuta wazee hawa walikuwa watu wa panki. Wale wa suti kwenye tamasha la rumba hawakujisumbua. Wengi wetu wa diaspora tuliposikia Konono mara ya kwanza tuliona aibu. Tulisema: tumetoka huko kwenye makopo, kwa nini wazungu wanatuonyesha makopo? Nami nilisema hivyo. Sijivunii.

Niliwaona kwenye tamasha la Couleur Café, Brussels. Kundi lina albamu ya jukwaani iliyorekodiwa huko, ya mwaka 2007. Mingiedi alikuwa amepita miaka 70, kofia kichwani, uso mtulivu kama wa mzee anayesikiliza kesi ya shamba. Mbele yake vijana wenye vipuli vya pua walikuwa wanaruka hadi vumbi likapanda. Jirani yangu, mzungu mwenye koti la ngozi lenye vyuma, aliniinamia akanipigia kelele sikioni: wanaimba nini? Nikamwambia sijui. Akanitazama kama ninamficha. Ndugu yangu, kutoka Alimbongo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500. Mimi ni Munande, hao wanaimba Kikongo. Nikaona hakuna haja ya kumchorea ramani, tukarudi kutazama vidole gumba vya mzee.

Mingiedi alifariki mwaka 2015, na mwanawe alikuwa ameshashika kundi.

Sasa umri. Alimbongo, ngoma ikilia, mzee anapewa kiti mbele. Ukumbi wa panki hauna viti. Mzee anatafuta nguzo. Baada ya miaka hii naijua nguzo ya kila ukumbi ninaokwenda: iwe karibu na choo, mbali na spika, na ukuta nyuma yake ili mtu asikugonge kwa mgongo. Nikifika pale nakuta wenzangu wameshafika, vichwa vyeupe, miwani ya kusomea imening'inia shingoni. Nani alisema huu ni muziki wa vijana? Charlie Harper wa UK Subs alizaliwa 1944. Bendi yake ilipoanza mwaka 1976 alikuwa ameshapita miaka 30. Wale Ramones wanne wa kwanza wote wamekufa, wa mwisho mwaka 2014, na fulana zao zinavaliwa na watoto wa shule wanaodhani ni jina la duka.

Masikio nayo yana hesabu yake. Taasisi ya Marekani ya afya kazini inahesabu hivi: desibeli 85 unaweza kuzivumilia saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Zikifika 100, umebakiwa na dakika 15. Tamasha ni la saa tatu. Upande wa Flanders sheria ya Januari 2013 iliweka kikomo cha 100 kwa wastani wa saa nzima, na ukumbi unaopiga kwa kiwango hicho lazima ugawe vizibo vya masikio bure. Mimi nina vyangu vya silikoni, ndani ya kikopo nilichokifunga kwenye funguo. Nilivinunua kwa kuchelewa. Sikio la kushoto lina mlio kama wa panzi wa jioni, na hauzimwi.

Kuhusu ule msukumano aliouona mpwa wangu: una adabu zake. Mtu akianguka, walio karibu wanasimama papo hapo na kumnyanyua. Kiatu kikivuka, kinainuliwa juu mpaka mwenyewe akione. Mwaka fulani niliteleza kwenye bia iliyomwagika, na kabla goti halijagusa sakafu mikono minne ilikuwa imenishika kwapani. Msichana mmoja akanipangusa suruali, akaniita "papa", akarudi kuruka. Tangu siku ile siingii katikati. Kazi yangu imekuwa makoti. Vijana wanaonijua huja pale nguzoni, wananitwika majaketi yao, simu, mara moja hata meno ya bandia yaliyofungwa kwenye leso (huyo hakuwa kijana). Nasimama nimebeba mzigo kama mwanamke wa Lubero anayepeleka kabichi sokoni, natikisa kichwa kwa mdundo.

Kwetu Afrika kelele hii haijakoma. Kinshasa, Fulu Miziki wanatengeneza vyombo na mavazi yao kwa takataka. Nairobi walikuwepo Duma, vijana wawili waliotoa albamu mwaka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina wamelitoa kwenye Kikuyu, giza, ingawa Mswahili atamwona mnyama mwenye mbio. Muziki wao ni mkali kuliko kitu chochote nilichosikia Ubelgiji. Nilijaribu kuwapigia wenzangu albamu hiyo kwenye gari tukielekea matangani, nikaombwa nizime kabla ya taa za pili za barabarani.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu kwa sauti, ujumbe wa dakika kumi na moja, nikijua hatausikiliza wote. Yuko Butembo kwa sababu Desemba 2024 vita vilifika Alimbongo na waasi wa M23 wakaiteka. Alishuka na mama yake na godoro moja. Gita lake, la bati, lilibaki.

Ilipita siku mbili. Kisha akaandika: "Mjomba, ile sumaku ya alternata inatokaka wapi?" Nikamwambia aende gereji yoyote, aombe alternata iliyoungua, sumaku haijali kama waya umeungua. Jana akanijibu kwamba fundi amekataa kumuuzia sumaku peke yake. Anataka anunue alternata nzima.