Kamera Itazame Umati

Ngoma za Wasukuma hurekodiwa sana, ila kwa upande mmoja. Mgeni anayefika Shinyanga au Geita kuhifadhi utamaduni humwelekezea kamera mchezaji: jembe likirushwa juu katika bugobogobo, chatu akizungushwa shingoni, filamu imekamilika. Lakini Bagika na Bagalu, vyama pinzani vya ngoma vinavyokumbuka waanzilishi wao, waganga Ngika na Gumha wa karne ya 19, hushindana kwa umati. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watazamaji wengi zaidi; ndiyo maana pana dawa za mvuto, vituko na nyimbo za kejeli. Kamera iliyoupa umati mgongo haikuyaona matokeo ya mchezo. Kwa hiyo mtengeneza filamu aanze kwa kuwafundisha wenyeji kurekodi, kwa sababu wao wanajua pa kutazama. Hilo limewahi kujaribiwa: mwaka 1966, huko Arizona, Marekani, watafiti Sol Worth na John Adair waliwapa Wanavajo kamera. Susie Benally alitengeneza filamu ya ufumaji ambayo sehemu yake kubwa ni kutafuta mimea ya rangi, kuandaa sufu na kutembea. Mgeni angeanzia kwenye kitanda cha mfumi.

Wapo watakaosema picha za wanafunzi hao hutikisika. Zitikisike, kinachohitaji ukali ni sauti, maana Kisukuma ni lugha ya toni, na wimbo uliofunikwa na upepo umepotea hata picha ikimeremeta. Wengine watasema Geita ni mchanganyiko wa watu waliofuata dhahabu, hapana utamaduni wa asili wa kurekodi. Lakini nyimbo za kazi za Wasukuma alizozichapisha mtafiti Frank Gunderson mwaka 2010 zinawagusa hata wapagazi wa misafara, na safari hizo nazo zilikuwa ajira ngeni zilipoanza. Basi sioni sababu ya kuliacha duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, nje ya fremu.

Pingamizi zito ni jingine: mwenyeji atayaficha ya aibu. Ni kweli. Mwaka 2008 mauaji ya watu wenye ualbino kanda hii yalihitaji Vicky Ntetema wa BBC aingie kwa waganga kwa siri, na kikundi cha kijiji kisingethubutu. Hiyo ni kazi ya uchunguzi, yenye haki ya kutoomba ruhusa. Anayerekodi ngoma hana haki hiyo, na nakala ya kwanza aiache karibu, mathalani makumbusho ya Bujora, Kisesa, ambako mwimbaji anaweza kwenda kuidai.