Mtoto Mwenye Ulemavu Asifichwe Nyumbani

Kila asubuhi, kuanzia Molo mpaka Gilgil, watoto wadogo huonekana wakishikwa mikono na mama zao kwenda madarasa ya awali. Lakini huenda katika boma fulani amebaki mtoto wa miaka minne ambaye hasikii anapoitwa. Wazazi wake hungoja, wakidhani kwamba atapona akiwa mkubwa.

Hapo zamani shule ndogo zilikuwa mzigo wa wazazi wenyewe. Baada ya Uhuru mwaka 1963 walizijenga nyingi kwa Harambee, na mwalimu walimlipa kutoka mifukoni mwao. Hata Serikali ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, madarasa ya awali hayakuguswa. Ndipo Katiba ya mwaka 2010 ilipoyakabidhi kwa serikali za kaunti, nazo zikaanza kazi mwaka 2013.

Lakini yafaa wasomaji wafahamu jambo moja. Katiba hiyo hiyo iliiachia Serikali Kuu elimu maalum ya wenye ulemavu. Basi mtoto kiziwi wa umri huo ana milango miwili, na mzazi asiyejua hivyo aweza kuzungushwa huku na huku mpaka miaka ikapita.

Mlango wa kwanza ni shule ya awali ya Kaunti iliyo karibu. Mtoto aandikishwe kama wenzake, na mwalimu aambiwe waziwazi hali yake. Mlango wa pili ni kituo cha upimaji cha Wizara ya Elimu. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Huko hutazamwa masikio, macho, viungo na uwezo wa kujifunza, kisha mzazi huelekezwa shule inayomfaa mtoto wake. Mjini Nakuru, kwa mfano, iko Shule ya Viziwi ya Ngala.

Haraka yahitajika, kwa maana lugha hujengeka katika miaka ya mwanzo. Asiyesikia akifundishwa lugha ya ishara mapema, hupata njia ya kuuliza, kujibu na kufikiri. Akifichwa hadi miaka tisa, atakuwa amepoteza wakati usiorudi.

Udongo uwahi ungali maji. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii asione haya. Na aende kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo jirani, amwulize kituo cha upimaji kiko wapi.